Supachaja ya Enosi

Kabla hujaniuliza nilikuwa nimekunywa nini siku ile, nikujibu: chai ya maziwa, na hata hiyo ilikuwa imepoa. Sikuwa na homa, wala sikuwa nimesinzia. Mimi ni fundi wa magari, mwanamke aliyekula chumvi ya kutosha, na kazi hii imenizoesha kutoamini kitu mpaka nikifungue nikione ndani. Ukiniambia gari lako limelogwa, nitakuuliza mara ya mwisho ulibadilisha oili lini. Basi nisikilize kwanza, halafu ukitaka kucheka, cheka.

Gereji yangu iko Kabiria, na watu huniita Fundi tu. Ilikuwa mwezi wa Julai, na unaijua Nairobi ya Julai. Jua linafika kazini kwa kuchelewa na kuondoka mapema, ukungu unakaa juu ya mabati mpaka saa za chakula, na kila mtu anatembea amejikunyata. Wakati huo ndipo aliponijia mteja wangu wa siku nyingi, Musyoka. Ni mtu wa Ukambani, anafanya kazi katika moja ya yale majumba marefu ya Upper Hill, mpole kwa kila jambo isipokuwa gari. Alikuwa na Mark X nyeusi ya silinda sita, na mapenzi aliyoipa yalimfanya mkewe, Mwende, awe akilalamika mbele za watu kanisani.

Shida yake ilikuwa milima ya kwao Mbooni.

"Fundi, nikibeba familia na mizigo, ile mlima inanidharau," aliniambia. "Nataka ivute. Nikigusa tu na mguu, ivute."

Dawa ya ugonjwa huo ni supachaja. Kama hujawahi kuiona, ni pampu ya hewa, bonge la alumini linalokaa juu ya injini na kuzungushwa na mkanda wa injini yenyewe. Linaisukumia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingevuta kwa pumzi yake. Hewa ikizidi unaongeza petroli, na nguvu ya kuvuta inapanda palepale. Turbo, ile pampu nyingine ya aina hii, husubiri moshi wa injini uizungushe, lakini supachaja haimsubiri mtu. Ina mlio wake pia, mwembamba, kama wa mbu aliyefungiwa kwenye chupa.

Mpya ingebidi tuiagize ng'ambo, na Musyoka hana subira hiyo. Akaenda mjini, Kirinyaga Road, kwenye maduka ya spea, akarudi na moja iliyokwisha kutumika, imefungwa kwenye gunia. Niliizungusha kwa kidole. Beringi zilikuwa kimya, mapanga yake hayana hata mkwaruzo. Sikuuliza ilitoka kwenye gari gani. Nani huuliza? Nusu ya magari ya mji huu yanatembea kwa viungo vya magari mengine.

Niliifunga mwenyewe. Nikatoa manifoldi ya zamani, ile mifereji ya kuingizia injini hewa, nikaikalisha supachaja mahali pake, nikaweka puli na mkanda mrefu zaidi, nozeli kubwa zaidi za petroli, kisha nikaunganisha kompyuta na kuipanga hewa na petroli mpaka injini ikanguruma bila kukohoa. Kazi ilikuwa nzuri, nasema bila haya. Musyoka angekuja kulichukua gari kesho yake, Jumamosi asubuhi, awapeleke Mwende na binti yao Mumbua kwa nyanya yake. Mumbua ni mtoto wa chekechea, hukaa kiti cha nyuma, na mdomo wake haujui kupumzika. Akiongea, baba yake hugeuka kumtazama hata akiwa kwenye mzunguko wa barabara. Mwende amemgombeza juu ya hilo mpaka amechoka.

Nina sharti moja ambalo halivunjwi: gari nililolifungua nalijaribu peke yangu. Mwenye gari haingii, redio haiwashwi, vioo vinafungwa. Naenda nikisikiliza. Musyoka alikuwa amepiga simu mchana kutwa akibembeleza nimchukue, nami nikamwambia hata kama angekuwa askofu angengoja kwake.

Ijumaa hiyo nikatoka jioni, giza halijaingia, lakini ukungu ulikuwa umeteremka mpaka usawa wa taa za magari. Njia yangu ya majaribio ni ileile siku zote. Naingia Naivasha Road hadi Dagoretti Corner, nashika Ngong Road hadi Upper Hill, nateremka Uhuru Highway, narudi kwa Waiyaki Way mpaka Uthiru, kisha nakata kushoto na kurudi nyumbani. Ni mzunguko kamili, wenye milima na foleni, na kila gari lina mahali litakapoungama dhambi zake.

Niamini nikikuambia sijawahi kuendesha gari tamu namna ile. Nilikuwa nikigusa tu, barabara inakuja yenyewe chini yangu. Watu wa pembeni walikuwa wakitokea kwenye ukungu nusu nusu, mwenye mahindi ya kuchoma bila miguu, mwenye mwavuli bila kichwa, kisha wanafutika. Mlio wa supachaja ulikuwa chini, mtulivu, nikaanza kuupenda. Nilikuwa na raha, kusema kweli. Raha ile ya mtu anayekaribia kulala, anasikia sauti za sebuleni na hazimhusu.

Nilipofika kituo cha Satellite, sauti ikasema kutoka nyuma:

"Anti, tumefika wapi?"

Nilishtuka, lakini sikuogopa. Nilikasirika! Nilijua ni Musyoka. Vioo vya nyuma vina rangi nyeusi, na yeye ni mtu wa utani. Nikapata picha kabisa akijilaza kwenye kiti cha nyuma nilipokuwa nikifunga gereji.

"Tumefika Satellite," nikamjibu bila kugeuka, maana pikipiki zilikuwa zikinikatiza kila upande. "Na utanieleza vizuri tukifika. Mtu mzima kujificha kama mtoto!"

"Sawa," akasema.

Kufika Dagoretti Corner akauliza tena, kwa upole uleule. Tumefika wapi, Anti? Nikamwambia ni Kona hapa, tunaingia Ngong Road. Akashukuru. Nikajisemea moyoni, huyu mtu leo ana adabu za kanisani. Harufu ya udongo uliolowa ilikuwa imejaa garini, nami nikaisingizia mvua. Hivi mtu anayeota hujuaje kwamba anaota? Kila kitu kilikuwa na sababu yake. Hata lile neno Anti lilinipita, na Musyoka hajawahi kuniita kwa jina lolote ila Fundi.

Tulikuwa tunapanda Upper Hill, majumba yamemezwa na ukungu, yamebaki madirisha yenye taa yakielea juu bila kuta, simu yangu ilipolia. Iko pale mbele kwenye dashibodi, nikaibonyeza kwa kidole. Sauti ikatoka kubwa.

"Niaje Fundi! Gari imeiva? Mimi bado niko ofisi, bosi amenikalia. Si ungenipitishia hapo nje nisikie mlio?"

Ilikuwa ni Musyoka.

Sijui nilimjibu nini. Nadhani nilisema ndiyo, au sijambo, kitu kisicho na kichwa wala miguu. Simu ikakatika. Nyuma yangu, kwa sauti ya kijana aliyechoka na safari, nikasikia:

"Anti, na hapa tumefika wapi?"

Ogopa siku ile mwili wako utakapokukataa. Mikono ilikuwa yangu lakini ilikuwa baridi kama ya mtu mwingine. Sikujibu. Gari likateremka Uhuru Highway, likaingia mzunguko mmoja, likatoka mwingine. Akauliza tena. Sikujibu. Ndipo mlio wa supachaja ukaanza kupanda. Niliinua mguu kabisa kutoka kwenye petroli, nakuapia, na bado mlio ukapanda, na gari likazidi kuvuta. Tukaingia Waiyaki Way, chini ya ile barabara ya juu, nguzo zikija moja baada ya nyingine kutoka kwenye weupe, kubwa na kimya.

Akasogea. Nilisikia kiti kikilia. Sauti sasa ilikuwa karibu na sikio langu, bila hasira hata kidogo, na huo upole ndio ulionitisha zaidi.

"Anti, mbona huniambii tumefika wapi?"

Shingo yangu ilitaka kugeuka. Sikiliza vizuri hapa. Haikuwa udadisi. Ni kama mtu akikuita kwa jina sokoni: kichwa kinageuka kabla hujaamua. Ilinibidi nikaze meno, na machozi yalinitoka kwa kule kukaza.

Nilipokuwa nimekaza hivyo, nikamkumbuka mjomba wangu. Baba alipofariki hapa mjini tulimsafirisha kwetu Maragoli, na mjomba alikaa mbele na dereva njia nzima akimwambia marehemu: ndugu yangu, sasa tunapita Nakuru, sasa tumefika Kapsabet, sasa tunateremka Chavakali, karibu tunafika. Sisi watu wa magharibi hatumbebi mtu wetu kama mzigo. Anaambiwa njia, asije akabaki mahali. Na mjomba hakugeuza shingo hata mara moja, alizungumza akitazama mbele.

Nikafungua mdomo. Sauti ilitoka imepasuka.

"Tumefika Kangemi, kijana wangu."

"Ahaa," akasema. Akaegemea nyuma. Mlio ukashuka, na gari likarudi kuutii mguu wangu.

Tukaendelea hivyo. Sitakudanganya kwamba woga uliisha, lakini kitu kingine kilikaa pembeni yake. Nilimwonea huruma. Aliniuliza kama nyumbani bado ni mbali, nikasema bado. Akaniuliza kama mama yake anajua yuko njiani, nikasema anajua, nami sikumjua huyo mama. Nilipomuuliza jina, alisema Enosi. Kwa matamshi yake nilijua ni mtu wa kwetu.

Kufika Uthiru nikawasha taa ya kukata kushoto. Akasikia ile tiki tiki.

"Anti, nyumbani ni mbele."

"Najua, Enosi. Lakini gari hili lina mwenyewe, na mwenyewe ana mtoto. Nitakupeleka kwa gari langu. Nimekuambia mimi."

Niliendesha Naivasha Road yote nikimtajia kila kituo bila kuulizwa, mpaka langoni pangu. Nilizima injini, nikakaa nikitazama kioo cha mbele hadi kikajaa ukungu wa pumzi yangu, kisha nikatoka na kufungua mlango wa nyuma. Hapakuwa na mtu. Mkanda wa usalama wa upande wa kushoto ulikuwa umefungwa, klik, umekumbatia kiti kitupu.

Nikampigia simu muuzaji wa Kirinyaga Road, nikamuuliza kile kitu, kigeni pekee katika gari lile, kilitoka wapi. Alizungukazunguka kidogo, kisha akasema. Kilikuwa cha kijana mmoja, Enosi, mtu wa Vihiga. Alikuwa ametoka kazini siku ya Ijumaa akielekea nyumbani kumsalimia mama yake, gari likamshinda Waiyaki Way. Kufikia jioni gari lilikuwa limeshavutwa, na kesho yake injini ilikuwa imeshafunguliwa na kusambazwa madukani. Mama yake, kama nilivyokuja kuambiwa, alikuja baadaye na watu wake, wana tawi la mti mkononi, wakasimama barabarani palipotokea ajali wakamwita kwa jina, wairudishe roho yake nyumbani. Ukiona watu wa kwetu wamesimama kando ya barabara wakiongea na hewa, ndicho wanachofanya. Lakini waliita mahali ambapo hakuwepo. Alikuwa kwenye rafu mjini, kati ya majenereta na rejeta, akingoja aambiwe safari imefika wapi.

"Na si nyinyi wa kwanza kununua hiyo kwangu," muuzaji akaongeza. "Kuna jamaa aliifunga kwa yake. Iligonga guzo mchana kweupe. Walimpata ameangalia nyuma, shingo imegeuka kabisa. Ikarudi kwangu. Mimi nafanya biashara, mathe."

Nilikaa chini kwenye tairi kuukuu. Nilikuwa nikimwona Mumbua kwenye kile kiti cha nyuma. Baba gani akisikia sauti nyuma, na mwanawe yuko nyuma, hageuki?

Basi niliifungua supachaja usiku huohuo, nikarudisha manifoldi ya zamani, na Musyoka alipokuja asubuhi na familia yake tayari imevaa, alikuta gari kama alivyolileta. Nilimweleza yote. Mwende alinisikiliza akimvuta Mumbua karibu na sketi yake. Musyoka alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Sasa Fundi, sema tu umepata mtu wa kununua. Nipatie kitu yangu niende nayo kwa fundi mwingine."

"Sikupi."

"Ni yangu!"

"Ni ya Enosi," nikamwambia. "Pesa yako nitakurudishia yote. Hiyo chuma hutoki nayo hapa, na ukitaka kuniita mwizi, niite kwa sauti wasikie."

Aliniita. Kabiria nzima ilisikia. Kisha akapakia watu wake, akaondoka kwa injini ileile inayodharauliwa na milima, na mimi nikasimama langoni nikilia kwa hasira na kwa furaha, vyote pamoja, mpaka jirani akaniletea kiti.

Jumatatu niliiweka ile supachaja kwenye kiti cha pikapu yangu, nimeifunika blanketi, nikashika njia. Nilimtajia kila mahali. Limuru, Naivasha, Nakuru, Kapsabet. Wauza viazi wa barabarani walinitazama nikiongea peke yangu nao wakaongeza bei kwa kuniona sina akili. Enosi hakuniuliza kitu safari yote. Tulipoteremka Chavakali, kitu moyoni mwangu kikafunguka, sijui nikiseme vipi, nikahisi gari limekuwa jepesi, kama mtu ameshuka na kufunga mlango taratibu.

Niliulizia watu wa Vihiga njia mpaka kwa Mama Enosi, nikamkuta akianua nguo. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini. Nilimsalimia, nikamwambia nimemleta mwanawe, na hakuniuliza maana yake. Aliita wazee wa boma, wakachimba kando ya kaburi, wakaishusha ile alumini na kuifukia huku wakimwita kwa majina yake yote. Kisha akaniweka jikoni, akanipa chai, akakaa mbele yangu, magoti yetu yakigusana.

"Alikuwa anakaaje?" akaniuliza.

Sikuelewa.

"Uso wake. Sanduku lililetwa limefungwa, wakatukataza kufungua. Sijamwona. Wewe uliyekaa naye, uso ulikuwa umepona?"

Ningeweza kusema uongo. Lakini macho yale yalikuwa yakinitazama kwa namna ambayo uongo haungepita.

"Sikumwona, mama. Nilisikia sauti tu. Sikugeuka."

Aliinama akazungusha kikombe chake mkononi. Hakunilaumu, na heri angenilaumu.

"Mimi ningegeuka," akasema.

Tangu siku hiyo siwezi kuendesha gari nimenyamaza. Nikiwa peke yangu naitaja njia, Satellite, Kona, Adams, na wateja wangu wamezoea kuniona midomo ikicheza. Wengine walinihama kwa maneno ya Musyoka. Yeye hanisalimii mpaka leo, lakini kila Jumapili naiona ile Mark X ikipita, Mumbua yuko nyuma, mdomo haujafungwa, na moyo wangu unatulia.

Nawe unayenisikiliza, ukinunua kiungo cha gari lililoanguka, muulize muuzaji kama mwenyewe alikwisha kuitwa nyumbani. Na siku utakaposikia sauti nyuma yako, na unajua uko peke yako, mwambie mmefika wapi, umwambie kwa upole, na usigeuke. Nimewaambia mafundi wengi hivyo na ninakuambia na wewe. Lakini kama sauti yenyewe ni ya mtoto wako, hapo sina la kukushauri.